Aliyenifukuza Kumasi Sasa Ananiita Nirudi

Mpendwa Mama Bisoye,

Naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unihukumu, maana mwenzio nimeduwaa tangu Novemba na sijui kama akili zangu zimesharudi zote. Naitwa Rabiatu, kwa baba na mama ni Myoruba wa hapa Ogbomosho, lakini nimezaliwa Kumasi, ng'ambo ya mpaka, nikakulia Kumasi, nikaolewa Kumasi, na katika soko kubwa la kule nilikuwa na kibanda cha mabeseni na mabakuli ya bati yenye maua, nilichoachiwa na marehemu mama yangu, na jirani yangu wa ubavuni alikuwa Afrakoma, Mwashanti mwenyeji wa kule, muuza vitambaa, ambaye nilimnyonyeshea mwanawe alipougua homa ya uzazi, kwa hiyo nikisema rafiki ujue si rafiki wa salamu tu.

Serikali mpya ilipoingia mwaka jana tulishangilia sote, Afrakoma alinishika kiuno tukacheza mbele ya vibanda, maana walisema bei zitashuka na kazi zitapatikana, wala haikunipitia akilini kwamba kazi zenyewe na vibanda vyenyewe vitatoka mikononi mwetu. Siku ya tangazo mume wangu Lamidi, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anakata suruali ya mteja, redio ikasema wageni wote wasio na kibali cha kuishi wana wiki mbili wawe wameondoka, Lamidi akauliza, "Wageni gani hao?" na mteja akajibu huku anacheka, "Ni nyinyi hao, fundi! Lakini suruali yangu umalize kwanza." Nilidhani ni utani, Mama, kwa sababu mimi hata kibali chenyewe sikujua kinafananaje, nani anaomba kibali cha kuishi alikozaliwa?

Kulipokucha wateja wangu wa miaka na miaka wakawa wanapita wananyooshea mabeseni kidole, "Si unaondoka wewe? Nipe bure hilo," kisha likaja kundi la wanaume wenye marungu, wanagawana vibanda vya Wayoruba kama nyama ya harusi, na walipofika kwangu nikamkimbilia Afrakoma nimshike mkono, naye akaukung'uta mkono wangu mbele ya soko zima, akapiga kelele, "Toka! Kibanda hiki changu! Rudi kwenu, mgeni wee!" akaketi juu ya kigoda cha mama yangu. Mama Bisoye, nimezika wazazi wawili, lakini sijapata kuumizwa namna ile. Sikulia. Nilimlaani kwa lugha yake, ambayo naijua kuliko hii yetu, nikamwambia mikono yake isishike faida mpaka afe, nikaondoka na watoto na vile vilivyoenea kichwani.

Sasa tuko hapa katika nyumba ya ukoo wa Lamidi, tumepewa chumba kimoja, watoto wangu wakifungua mdomo wanachekwa kwa matamshi yao na mashemeji wanawaita "Wagana", kwa hiyo kule wageni na huku wageni, na Lamidi cherehani alichobeba kutoka Kumasi hakipati kazi kwa sababu kila mtaa una fundi wake, alijaribu jembe viganja vikachubuka, sasa anashinda barazani, na mimi nauza karanga za kuchemsha kando ya barabara, mimi niliyekuwa nikijaza lori la vyombo.

Juzi akaja Alhaja Sabitiyu, mfanyabiashara wa kola, zile kokwa chungu za kutafuna, yeye ana kibali hivyo anakwenda na kurudi, akanivuta pembeni. "Afrakoma anakusalimu," akasema. Nikamjibu, "Salamu zake azitafune mwenyewe." Akanifokea, "Funga mdomo usikie, mtoto wewe! Wale wanaume walikuwa wanampa kibanda chako ndugu yao. Kama asingekutukana wangeamini vipi kwamba ni chake? Mabeseni yako yako chumbani kwake, analala katikati yake kama kuku anayeatamia. Waliopewa vibanda hawajui bidhaa zinatoka wapi, soko limekauka. Anasema rudi kimyakimya, uvae kama Mwashanti, atakuita mdogo wake."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nilipomweleza Lamidi, akasema, "Aliyekutukana mbele ya umati leo amekuwa dada? Ukivuka mpaka, usinirudie." Na mimi asubuhi naamini Afrakoma aliniokoa, jioni naamini anawataka tu wale wanaoniuzia bidhaa kwa jumla, na ile laana niliyompa inaniwasha ulimini. Nirudi, Mama? Au nikae hapa nife na karanga?

Rabiatu, Ogbomosho

*

Rabiatu mwanangu,

Pole, na si pole ya mdomoni. Tangu malori yalipoanza kushusha watu wetu, barua kama yako hazikatiki hapa gazetini, na kila mmoja anauliza amekosa nini. Hukukosa kitu. Serikali ikishindwa kujaza chungu humtafuta mgeni ikamwita mlafi, na sisi huku tusijitie utakatifu, maana hao shemeji zako nao wameanza.

Sasa nikukaripie. Kuvaa kama Mwashanti na kujiita mdogo wa mtu si biashara, ni kujificha. Ukidhulumiwa utamshitakia nani? Askari akikunusa, mnaingia ndani wewe na huyo Afrakoma, na mabeseni yanabaki kwa wenye marungu. Bila kibali hurudi Kumasi. Hilo limekwisha, usiniandikie tena.

Kama Afrakoma ni mwongo au mkweli, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mwizi hatumi salamu. Mtu aliyeshika mali yako, na mpaka uko kati yenu, angeuza akala akanyamaza. Unaogopa anakuhitaji kwa ajili ya hao wanaokuuzia bidhaa? Na akuhitaji! Wewe humhitaji? Wafanyabiashara wazima mnaona haya ya nini?

Fanya hivi. Kati ya Kumasi na Ogbomosho iko Lome, nchi nyingine kabisa, na huko hakuna aliyekufukuza. Mwagize Alhaja amwambie Afrakoma mkutane soko la Lome, aje na baadhi ya vyombo vyako. Mkae, mle, mzungumze ana kwa ana, na hiyo laana uifute kwa mdomo uleule ulioitoa. Akija, mna biashara: wewe unaleta bidhaa kutoka Lagos, yeye anazichukua hapo, kila mtu analipa ushuru wake na kulala kwake. Asipokuja, utakuwa umejua moja, na uko katikati ya soko lililojaa vyombo. Nunua unachoweza, urudi uuze Ogbomosho.

Kuhusu Lamidi. Hasira yake ni halali, ila haipikiki. Na nani alimwambia ashone suruali ambazo kila fundi wa mtaa anashona? Ashone magauni ya Kumasi aliyokuwa akiwashonea wanawake wa kule. La kwanza akuvishe wewe, upite nalo sokoni polepole, usiwe na haraka ya kwenda popote. Hao mashemeji wanaocheka Wagana watamfuata wenyewe na vitambaa mkononi.

Mwombe mfuatane Lome, amwone huyo mwanamke kwa macho yake. Akigoma, usibishane naye. Pika ugali wa amala wa kutosha, mwachie watoto, mwambie siku utakayorudi, kisha panda lori.