Baba, Nilifukua Mbegu

Baba yangu,

Shikamoo. Nikwambie mapema, leo sikuandikii kwa upole. Nina hasira na wewe, nina hasira na Mungu uliyenifundisha kumngoja, na anayestahili hasira zaidi ya wote ni mimi mwenyewe.

Unakikumbuka kilima chetu cha mawe, upande ule wa reli? Kila mvua ilipochelewa ulikuwa unakinyooshea kidole ukisema kile kinakuhubiria kuliko mchungaji, maana hakijawahi kuhama hata siku moja. Mimi na mama tulikuwa tunacheka kichinichini. Sasa njoo ukione. Mji umefika mpaka hapa kwetu Ihumwa, na mji unataka kokoto. Saa sita mchana wanalipua baruti, vyombo vinatikisika kabatini, halafu malori yanapita yamebeba mahubiri yako vipande vipande. Nusu ya kilima imekwenda. Mtu aangalie wapi sasa, Baba?

Hata hivyo nililima. Ule mgunga wa mpakani ulichipua majani katikati ya ukame, kama kawaida yake, nami nikafanya ulivyotuzoesha: mgunga ukivaa kijani, panda uwele kwenye vumbi, usisubiri wingu. Nikaukumbuka mwaka ule nikiwa mdogo, uliponikuta nimechuchumaa nafukua shimo nione kama mbegu imeamka. Hukunichapa. Ulilifukia kwa kisigino, ukasema, "Ukishafukia, Mama, hapo ni kwa Mungu. Usimchungulie." Uliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la bibi, mama yako, na ukiniita hivyo sikuwa na ubishi.

Basi nilivumilia wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Simu inasema mvua ipo, wingu linakuja, linazunguka juu ya paa, linaondoka zake. Nikasali asubuhi na jioni, mpaka nikajikuta nasali kwa ukali kama ninayemgombeza mtu. Jumamosi nikashindwa. Nilichukua jembe nikafukua. Shimo la kwanza mbegu zilikuwemo, kavu vilevile nilivyoziacha. Badala ya kukoma hapo, nikaenda la pili, la kumi, mstari mzima, nalia huku nasema, "Huyu ametusahau." Karibu shamba lote, Baba, mtu mzima mwenye wajukuu! Na kwa hasira sikufukia hata shimo moja. Kuku na sisimizi wakamalizia.

Jumatano mvua ikanyesha, kutwa nzima, kwa raha zake.

Wiki iliyofuata Mama Neema, jirani yetu aliyepanda siku moja na mimi, alikuja kusimama mpakani. Kwake kijani, kwangu udongo mtupu. Akaniuliza taratibu, "Ulifukua?" Nikageuka kufukuza kuku. Akaenda kwake, akarudi na bakuli la mbegu zilizombakia, akaniwekea mlangoni. Afadhali angenicheka.

Jana nikaenda kupanda upya. Nilipofika ile kona ya kaburi lako, pale ambapo siku ile ya kufukua goti lilinigomea nikatupa jembe, nilikuta mistari minne imeota. Yote, Baba, haina hata pengo. Hakuna nilichofanya pale zaidi ya kuchoka. Unajua nilijisikiaje? Nilikasirika upya. Nikakaa juu ya kaburi lako, lililojengewa kokoto za kilima kilekile, nikalia, maana ningechoka mapema zaidi siku ile, leo ningekuwa na shamba. Kisha baruti ikalia kule. Majani yakatikisika kidogo, yakatulia. Nikabaki nayatazama mpaka jua likageuka, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze sikuwa na la kumwambia Mungu.

Usidhani nimepoa. Kilima kinazidi kuisha na hakuna anayeniuliza. Moyo wangu ni uleule wa kuchungulia, nimezeeka nao. Lakini nimepanda, na kila shimo nimelifukia kwa kisigino. Jembe nimelipeleka kwa Mama Neema, nikamwambia akae nalo, asinipe hata nikimwomba, mpaka uwele uote.

Lala salama, Baba. Nikivuna, uwele wa kwanza nitaukata kwenye mistari yako minne.

Mwanao,
yule uliyemwita Mama