Kwa Nini Daktari wa Ng'ombe Hapiti Tena Kwetu

Kakuma, 2013

Mjukuu wangu Akiru,

Ejok? Kwa heshima zote natangaza kwamba jogoo wa nyanya yako amehamia kwa jirani, na mazungumzo ya kumrudisha yamevunjika. Sisi wengine tu wazima.

Unauliza kuhusu daktari wa mifugo wa Lodwar. Nilimfukuza, na hasira bado inanichoma.

Mwaka jana alimdunga ng'ombe wetu mbegu ya dume wa gredi, wale wa kizungu, tupate ndama atakayekuja kutoa maziwa ya kunywa na ya kuuzia hoteli za kambi ya wakimbizi. Akaniagiza, "Mzee, leo na kesho mfunge dume wako." Miezi tisa nilijisifu mpaka kanisani. Akazaliwa ndama mweupe, mwenye nundu, sura ya dume wangu Lokwang kabisa!

Daktari alipokuja kumwona, nilimfokea mbele ya majirani. "Ulimdunga maji! Mwongo wewe!"

"Lakini Mzee, dume ulimfunga?"

"Nilimfunga! Toka!"

Tangu hapo hapiti, na majirani waliotaka mbegu ile wameikosa.

Sasa ukweli. Asubuhi nilimfunga. Lakini unajua hapa mwanamume huitwa kwa jina la dume wake; mimi ni Apalokwang, baba wa Lokwang. Mchana jirani akapita akicheka, "Apalokwang, nani amekufunga kamba? Umeiba nini?" Wote waliokuwapo wakacheka. Nikaona aibu, nikamfungua. Akaenda moja kwa moja kwa yule ng'ombe akampanda, nami nimesimama pale pale, natazama.

Babu yako