Sweta Iliyobaki Msumarini

Mama yangu,

Sweta yako ya kijivu bado inaning'inia nyuma ya mlango wa darasa. Tangu tukuzike sijathubutu kuifua.

Nilikuwa nakucheka kwa kuivaa kila siku, unakumbuka? Nilisema Yamumbi nzima itadhani mwalimu hana nguo nyingine. Ukanieleza kwamba mwanafunzi wako Chebet hasikii wala haoni, kwa hivyo kwake sweta hiyo ndiyo wewe. Nilipokuja kukusaidia na watoto wako wenye mahitaji maalum, ulinifunza lugha yenu ya vitu. Kumpa kijiko ni kumwambia uji unakuja. Taulo ni choo. Mkoba wake mdogo ni kwenda nyumbani, na kesho kurudi. Siku moja nilimpa kijiko kabla uji haujatoka jikoni, akalia mpaka akajiuma mkono.

"Usimdanganye na kitu," ukaniambia. "Hana neno lingine."

Sasa darasa ni langu na nimeshindwa, Mama. Kila asubuhi Chebet anapapasa ukuta mpaka kwenye msumari, anashusha sweta na kuniwekea mikononi. Anakuulizia. Nampa kijiko, anakisukuma. Juzi nilikata tamaa kabisa, nikaivaa. Alinishika viganja, akaninusa shingoni, kisha akaanza kunivua polepole, mkono mmoja kwanza, vile ulivyomfundisha kuvua yake. Nililia mbele ya watoto wote.

Kila jambo ulilitafutia kitu chake. Cha kusema mtu hatarudi hukuniachia, na mimi nimetafuta mpaka nimechoka.

Chebet amekonda sana. Leo babake alikuja, akasimama mlangoni kofia mkononi, bila ukali wowote.

"Madam, tangu mwalimu aende huyu mtoto amekataa kukula," alisema. "Kesho nakuja kumchukua, akae tu na sisi nyumbani."

Nilimsihi anipe muhula mmoja, akatikisa kichwa. Naogopa, Mama. Kule hakuna anayejua vitu vyake. Watampenda, lakini atashinda kitandani, na hakuna atakayejua anauliza nini.

Kesho, Ijumaa, itabidi nimpe mkoba, maana bila mkoba hatoki darasani. Ataushika, atatulia, atadhani ni siku kama zile nyingine. Atajua anarudi Jumatatu.

Uliniambia nisimdanganye. Basi niambie, nimpe nini?

Kwaheri ya leo tu, Mama. Ile kubwa bado sijaiweza.

Mimi bintiyo, niliyebaki na darasa lako