Kofia Nyekundu ya Ingunn

Shamba la Myklatun,
Hardanger, Norwei.
16 Novemba 2014

Mpendwa mdogo wangu Solbjørg,

Hujambo huko Kanada, na shemeji Kåre hajambo? Mgongo wake je, bado unamsumbua akibeba kuni, au amekubali hatimaye kwamba ana miaka sabini? Mimi kwa mwili sijambo. Goti la kushoto linalalamika kila mvua inaponyesha, na mvua ya huku unaijua, kwa hiyo linalalamika kila siku. Kondoo wote arobaini na wawili wamerudi salama kutoka mlimani, na yule mkorofi wa pembe moja ndiye aliyetangulia mbele, utadhani shamba ni lake.

Picha za wajukuu nimezipata, ahsante. Tove ana kidevu cha Baba, maskini mtoto wa watu.

Basi, nimezunguka vya kutosha. Ningekupigia simu, lakini ukinyamaza huko na mimi nitakata, halafu tutakaa mwaka mzima bila kusemeshana. Kaa kitako kwanza. Nimefanya jambo baya, na lazima ulisikie kutoka kwangu.

Ni ile picha iliyotundikwa jikoni. Ile ambayo mchoraji Lasse Skjerdal alimwachia babu wa babu yetu kama shukrani, baada ya mvua kumfungia hapa wiki tatu akila viazi na krimu yetu. Mwaka huu makumbusho ya mjini yalitaka kukusanya kazi zake zote pamoja, tangu michoro ya ujana mpaka picha aliyokufa hajaimaliza. Wakaja watu wawili hapa mwezi wa Februari. Mmoja ni binti anayeitwa Henriette, kazi yake kusafisha picha za zamani. Walisimama mbele ya ukuta wetu, kahawa inapoa mikononi. Sitakudanganya, Solbjørg, nilivimba kichwa. Hakuna mtu wa mjini aliyewahi kuingia jikoni kwangu akastaajabia kitu.

Henriette aliuliza swali moja tu. "Bibi Gudveig, kuna mtu yeyote aliyewahi kuigusa kwa rangi? Kuongeza chochote, hata kidogo?"

"Hakuna," nikasema. "Haijaguswa."

Nikatia sahihi karatasi zao, wakaondoka nayo.

Unajua kwa nini nilisema hivyo. Ndivyo Baba alivyotufundisha. Wiki ile ghuba ilipomchukua Ingunn wako pale kwenye banda la mashua, tusirudishiwe hata kiatu, wewe ulishuka jikoni alfajiri kabla ya kukamua. Ukachovya njiti ya kiberiti kwenye kopo la rangi ya ghala, ukachukua na majivu ya jiko, ukamweka mwanao ndani ya picha: kofia nyekundu, koti la kijivu, amesimama kando ya banda, hazidi punje ya shayiri. Baba alipiga kelele mpaka vikombe vikatikisika. "Umeharibu picha ya Skjerdal!" Halafu akasogea karibu, akatazama, akavuta kiti. Akasema mtu yeyote wa nje asiambiwe. Na hakuambiwa mtu. Mwaka uliofuata wewe ukahamia Kanada, na sijawahi kukulaumu, hata siku moja.

Lakini kuna kitu hukijui. Baba, kila asubuhi, kikombe mkononi, alikuwa akipita pale anasema, "Umeamka, msichana?" Baba yetu yule, ambaye hata mchungaji alimsalimia kwa shida! Alipokufa nikaendelea mimi. Sikukuandikia, niliona utaumia. Kumbe ningekuandikia.

Haya, siku ya ufunguzi ikafika, Jumamosi iliyopita. Torleiv wa ng'ambo ya mto alinipeleka kwa gari lake. Njia nzima ananitania, "Leo ndio mwisho wetu. Utaolewa na profesa."

"Profesa gani atavumilia harufu ya kondoo?"

"Mimi nimeizoea," akasema. Nikatazama nje.

Picha sitini na moja, Solbjørg, zimetoka mpaka Ujerumani. Watu wameshika bilauri, wananong'ona. Yetu ilikuwa chumba cha tatu, ukuta wake peke yake, na ilikuwa inang'aa. Yale maporomoko tuliyodhani aliyapaka rangi ya kahawa kwa makusudi, kumbe ni meupe pe! Ulikuwa moshi wa jiko letu. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi dakika nzima. Halafu macho yakashuka kwenye banda la mashua.

Hayupo.

Nikavua miwani, nikaifuta kwa shali, nikaivaa tena. Mawe na maji. Miaka yote nilikuwa najiambia labda Skjerdal mwenyewe alichora kitu pale chini ya kofia ya Ingunn, ua, au jiwe lenye rangi, kitu cha kumshikilia. Hakuchora kitu. Mawe na maji tu.

Kando wameweka picha ndogo mbili, kabla ya kusafisha na baada, na kofia yake imezungushiwa duara. Chini wameandika: doa la rangi ya ghala, limeondolewa. Mzee mmoja mwenye skafu ya hariri akacheka. "Mlevi gani huyu alikuja kupangusia brashi yake hapa?" Wenzake wakacheka naye. Na mimi, mama yake mkubwa, niliyemfunga kofia ile kichwani kwa mikono yangu asubuhi ile, nilisimama pale kimya. Hata kikohozi hakikunitoka.

Aliyesema ni Torleiv. Akavua kofia yake, akasema kwa sauti ile ile anayoitia kondoo, "Hilo si doa, bwana. Huyo ni Ingunn wa Myklatun. Ana miaka saba."

Kumbe alijua! Njiani kurudi akaniambia kijiji kizima kinajua. Miaka thelathini na mitatu wanakunywa kahawa yangu, wanamtazama, wanaaga, hawasemi.

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya wale watu na skafu zao, mimi ambaye nilijikaza kisabuni kwenye mazishi ya Baba. Henriette akaja mbio. Akasikia habari yote. "Nilikuuliza," akasema. "Bibi Gudveig, si nilikuuliza?" Hakuwa ananigombeza. Alikuwa kama mtu anayeniomba nirudi Februari nijibu upya. Na kweli aliniuliza, Solbjørg. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Nilimwonea haya mtoto wetu mbele ya wageni, basi.

Akapanda ghorofani akarudi na kichupa. Kila wanachokikwangua wanakihifadhi, ndiyo desturi ya kazi yao. Ni chembe tu, hazijai ncha ya kisu, lakini wekundu wake ni ule ule. Akasema anaweza kumchora tena kwa kufuata picha waliyopiga, na hakuna atakayeona tofauti. Nikamwambia hapana, mwanangu. Aliyemchora ni mama yake.

Yale maandishi waliyabandua siku hiyo hiyo. Picha itarudi nyumbani Machi. Ukutani umebaki mraba mweupe, na leo asubuhi nimepita pale na kikombe changu nikasema kwa mazoea, "Umeamka, msichana?" Kisha nikamwaga kahawa, sikuweza kuinywa.

Sikuombi unisamehe. Ningekuwa wewe, nisingesamehe upesi. Nakuambia tu kwamba kopo la rangi bado liko ghalani, kwenye rafu ile ile, na majivu hayakosekani. Zaidi ya hapo sithubutu.

Nisalimie Kåre, Tove na Magnus. Torleiv anakusalimu sana, anasema anakukumbuka ulivyokuwa ukimshinda kupiga makasia. Mungu awalinde katika baridi ya huko, awape usingizi, na akupe wewe nguvu ya kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kama leo hutaki kupendwa nami,

Gudveig

Nimesahau. Ndani ya hii soksi ya sufu kuna kile kichupa. Nimekaa naye miaka thelathini na mitatu, sasa anakuja kwa mama yake. Ukikifungua, funga dirisha kwanza.