Udongo wa Kwanza

Kambini, Ziwa Baringo
Jumanne

Kwako dada yangu Chesang,

Nawasalimu wote hapo Endebess. Nimezima simu, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa Kitale akuletee.

Mimi niko sawa kabisa. Asubuhi naenda na boti kuona viboko, jioni naogelea kambini. Jana mwenye boti alipiga mluzi, akarusha samaki, tai akashuka akamdaka. Nilicheka sana. Si Baba alikuwa anatuita hivyo hivyo, kwa mluzi?

Ujumbe wako niliusoma kabla ya kuzima simu. Ati maiti ya Baba imeshatolewa mochari, wazee wamekaa siku ya nne kando ya kaburi, na mimi kifungua mimba nisipotupa udongo wa kwanza hakuna atakayegusa jembe. Unasema mvua inaingia kaburini. Pole. Unasema umelia mpaka sauti imekauka. Pole tena.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mama alilala mochari wiki tatu, Baba akiwa Chwele anauza ng'ombe. Nilimfuata nikampigia magoti katikati ya soko. Hata hakuniangalia. Alisema, "Biashara ni nzuri. Nitakuja msimu ukiisha."

Leo nimemuuliza mwenye boti msimu wa hapa unaisha lini. Amenishangaa. Amesema hapa watu huja kutembea mwaka mzima, hakuna msimu wa kuisha.

Basi mwambie Baba nitakuja msimu ukiisha.

Kaka yako,
Ndiema