Sifa za Mgaya

Njombe, Jumanne, baada ya baraza.

Sifa ni neno jema lisemwalo sawasawa mbele ya mtu na nyuma yake. Kujipendekeza husemwa mbele tu.

Kila Jumapili baada ya ibada rafiki yangu Mgaya aliniambia, "Kaka, ulimi wako ni mizani." Leo barazani, nilipokuwa nikimkalimania Bwana Shauri, mkuu wa wilaya Mzungu asiyejua Kibena, akasimama, akasema kwa Kibena:

"Bwana Shauri, baba yetu, mkalimani wako hupotosha maneno yetu. Mimi ningekufaa zaidi." Kisha akanigeukia: "Haya, kaka, mfasirie."

Nikafasiri yote, hata "baba yetu", bila kulainisha neno. Bwana Shauri atamjaribu mwezi mmoja. Mimi nikae nyumbani.

Uongo wa leo naweza kuustahimili. Lakini zile Jumapili... Je, alinidanganya tangu hapo, au wakati ule aliamini alichosema?