Mkono wa Tadeo na Kengele ya Saa Sita

Eva, popote ulipo huko Ruangwa, soma. Shemeji yako Tadeo ameponea chupuchupu. Hii meseji nakuandikia nikiwa jikoni kwa masista.

Ile mashine ya kusaga mabaki ya chakula, waliyoletewa masista wa misheni na wafadhili, leo ndiyo alikuwa anaifunga chini ya sinki, lile la bakuli mbili. Kamaliza, kawasha swichi, kimya. Umeme umekatika.

Swichi akaiacha vilevile, kama tunavyofanya sisi wote! Akazamisha mkono kwenye tundu, anatafuta nati iliyodondokea ndani.

Mimi namenya mihogo pale pale. Nikamwambia, "Tadeo, toa mkono." Akanijibu, "Mama Abel, umeme wa Nachingwea huujui? Mpaka jioni."

Mkono wa kulia, Eva! Wote umo ndani!

Mara kengele ya saa sita mchana, ya sala ya Malaika wa Bwana. Sista Dafrosa kasimama mlangoni. Tadeo kumwona, akauchomoa mkono apige ishara ya msalaba. Kufika "na la Mwana", mashine ikanguruma! Nati inagonga humo ndani kama risasi.

Nimeizima mimi. Sala imeisha zamani. Tadeo bado kasimama, mkono umeganda kifuani, ishara ya msalaba hajaimalizia.